Mfalme Ambaye Hakuacha Kitu: Uchambuzi wa Kisa cha Maonyesho Kuhusu Radbod wa Frisia

Maelezo ya awali

Kisa hiki kinahusu jumba la makumbusho la ukubwa wa wastani katika pwani ya kaskazini ya Uholanzi, lililoandaa maonyesho kuhusu Radbod, mtawala wa Wafrisia aliyefariki mwaka 719. Jina la jumba, mji wake, mwaka wa maonyesho na majina ya wahusika yameondolewa, pamoja na mambo madogo ambayo yangeweza kuwatambulisha. Kimeandikwa kwa ajili ya wenzetu wanaofanya kazi katika makumbusho, hasa wale wanaoandaa maonyesho kuhusu watawala wanaojulikana zaidi kwa maandishi ya wamisionari na ya maadui wao kuliko kwa vitu walivyoviacha.

Usuli wa kihistoria

Wafrisia wa karne ya 7 na ya 8 waliishi kwenye ukanda wa pwani ya Bahari ya Kaskazini ambao leo umegawanyika kati ya Uholanzi na Ujerumani. Sehemu kubwa ya ardhi yao ilikuwa ya chini mno na ikifurika maji ya bahari wakati wa dhoruba, kwa hiyo walijenga nyumba zao juu ya vilima walivyovirundika wenyewe kwa udongo, samadi na takataka za nyumbani. Vilima hivyo, ambavyo Waholanzi huviita terp, vilikuwa na rutuba kiasi kwamba katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 vingi vilichimbwa na udongo wake kuuzwa kwa wakulima. Vitu vingi vya kale vilivyomo katika makumbusho ya eneo hilo viliibuka katika uchimbaji huo wa kibiashara, ambapo mchimbaji aliokota kitana cha pembe au kipande cha chungu bila mtu yeyote kuandika kilikuwa kwenye tabaka gani. Hasara hiyo haiponi, na iliathiri moja kwa moja maonyesho tunayoyajadili.

Utajiri wa Wafrisia ulitokana na biashara ya majini. Kitovu chake kilikuwa Dorestad, bandari ya mtoni iliyokuwa pale palipo mji wa Wijk bij Duurstede hivi sasa, mahali ambapo mto Rhine ulikuwa ukigawanyika. Aliyeishika Dorestad alishika ushuru na njia ya kwenda Uingereza, na ndiyo maana Wafrisia na Wafaranki, majirani zao wa kusini waliotawala sehemu kubwa ya Ufaransa ya leo, waliigombea kwa miongo mingi.

Radbod alitawala baada ya Aldgisl, ingawa uhusiano wao wa damu haujathibitishwa. Katika miaka ya 690 alishindwa vitani karibu na Dorestad na Pippin, mkuu wa ikulu ya Wafaranki aliyeshika madaraka halisi nyuma ya wafalme wao. Baada ya ushindi huo mmisionari Willibrord, Mwingereza aliyefika mwaka 690 na kuwekwa wakfu Roma kuwa askofu mkuu mwaka 695, alipewa Utrecht kuwa makao yake. Mwaka 711 uhasama ulifunikwa na ndoa: Theudesinda, binti wa Radbod, aliolewa na Grimoald, mwana wa Pippin. Mwaka 714 Grimoald aliuawa mjini Liège na mtu aitwaye Rantgar, ambaye waandishi wa Kifaranki wanamwita mpagani, na mwishoni mwa mwaka huohuo Pippin naye akafariki. Radbod aliungana na Wafaranki wa magharibi waliokuwa wakiupinga ukoo wa Pippin, akapanda mto Rhine kwa merikebu, na mwaka 716 akamshinda Charles Martel, mwana mwingine wa Pippin, karibu na Cologne. Charles hakushindwa tena vitani baada ya hapo. Radbod alifariki miaka mitatu baadaye, Willibrord akarudi Utrecht, na Wafaranki wakaanza kuitwaa nchi hatua kwa hatua.

Yote haya tunayapata kwa makasisi na watawa. Waandishi wa Kifaranki humwita Radbod kwa cheo cha mtemi wa chini, kwa kuwa kwa maoni yao alikuwa mtu wa kutawaliwa aliyeasi. Beda, mtawa wa Kiingereza aliyemaliza historia yake mwaka 731, humwita mfalme bila kusita. Alcuin, aliyeandika maisha ya Willibrord mnamo mwaka 796, anasema moyo wa Radbod ulikuwa wa jiwe, lakini anakiri kwamba alimrudisha mmisionari huyo kwa Pippin kwa heshima.

Masimulizi yanayojulikana zaidi ndiyo yenye mashaka makubwa zaidi. Yanaeleza kwamba Radbod, akiwa amekwisha kutia mguu mmoja katika birika la ubatizo, alimwuliza askofu Wulfram wa Sens waliko babu zake. Alipojibiwa kwamba wako motoni, aliutoa mguu wake akasema ni heri akae na wazee wake kuliko kukaa mbinguni na watu wachache maskini. Kisa hicho kiliandikwa katika monasteri ya Fontenelle, kaskazini mwa Ufaransa, mnamo mwaka 800, yaani takriban miaka themanini baada ya mfalme kufa. Tena kinadai kwamba tukio lilitokea muda mfupi kabla ya kifo chake, wakati ambapo Wulfram mwenyewe, kwa hesabu za wanahistoria, alikuwa amekwisha kufariki miaka mingi.

Jinsi mambo yalivyokwenda

Wazo la maonyesho lilitoka kwa bodi, na lilikuja likiwa na jina tayari, jina lililomtangaza Radbod kuwa mfalme wa mwisho wa Wafrisia huru. Mfadhili mkuu alivutiwa na jina hilo, na makubaliano ya fedha yakatiwa saini kabla mtu yeyote hajaorodhesha vitu vya kuonyeshwa. Wanaofanya kazi hii wanaujua mtindo huo, nao haupatikani Uholanzi peke yake.

Mhifadhi mkuu, akisaidiwa na mwanaakiolojia wa chuo kikuu, alipoandaa orodha alifikisha kwenye kikao taarifa fupi yenye uzito: hakuna kitu hata kimoja duniani kinachoweza kuhusishwa na Radbod kwa uhakika. Kaburi lake halijapatikana. Hakuna barua yake, wala magofu ya jumba lake, wala sarafu yenye jina lake. Hata ile ngome ya Medemblik inayobeba jina la Radboud, ambayo wakazi wengi huamini ilikuwa yake, ilijengwa na Floris wa 5, mtawala wa Holland, mnamo mwaka 1288. Chuo Kikuu cha Radboud cha Nijmegen nacho kina jina la mtu mwingine, askofu wa Utrecht wa karne ya 10 aliyedai kuwa mzao wa mfalme huyo.

Kilichokuwepo ni vitu vya zama zake na vya jirani na zama zake. Jumba lilikuwa na vitana, mifupa iliyochongwa, vipande vya mawe ya kusagia yaliyoletwa kutoka milima ya Eifel nchini Ujerumani, na sarafu ndogo za fedha za aina ambayo wataalamu huziita nungunungu. Jina hilo linastahili maelezo, kwa sababu sarafu hizo ndizo zilizoikaribia zaidi dunia ya Radbod. Kila moja ina uzito wa takriban gramu moja na ni ndogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Upande mmoja una mchoro uliopinda wenye mistari iliyosimama kama miiba, ambao chanzo chake huenda ni kichwa cha mtu kilichonakiliwa mara nyingi hadi kikapoteza sura. Zilianza kupigwa mwishoni mwa karne ya 7 katika eneo la mlango wa mto Rhine, zikasambaa hadi Uingereza. Aliyetawala wakati zinapigwa hakutajwa juu yake.

Mbunifu wa maonyesho, aliyeajiriwa kutoka nje, aliona upungufu huo kuwa nafasi. Alipendekeza birika kubwa la jiwe liwekwe katikati ya ukumbi mkuu, mgeni asogeze mguu wake kwenye ukingo, na hapo asikie sauti ya mfalme ikijibu. Bodi ilipenda. Mhifadhi mkuu alipinga kwa maandishi, akieleza kwamba jumba lingekuwa linampa mgeni maneno ya watawa wa Fontenelle na kumwambia ni maneno ya Radbod. Mfadhili, kwa upande wake, alitaka sanamu ya mfalme mwenye upanga na kofia ya chuma mlangoni.

Maamuzi na sababu zake

Baada ya vikao vingi vilivyokuwa na joto, uamuzi wa kwanza ulikuwa kukataa sanamu kabisa. Sababu iliyotolewa kwa mfadhili ilikuwa ya kikazi na ilimridhisha: sanamu ingekuwa kitu cha kwanza kupigwa picha na cha mwisho kusahauliwa, na sura yake ingekuwa ya kubuni kuanzia unyayo hadi utosi. Mahali pake pakawekwa nguzo tatu zenye vipaza sauti, moja ikisoma kumbukumbu ya Wafaranki, nyingine Beda na ya tatu Alcuin, kila mwandishi akimtaja Radbod kwa cheo na sifa alizoona zinamfaa.

Uamuzi wa pili ulihusu birika. Halikuondolewa, kwa kuwa bajeti yake ilikwisha kuidhinishwa na kwa kuwa masimulizi yale yana historia yake yenyewe: yamesomwa, kuchorwa na kubishaniwa kwa zaidi ya miaka elfu moja. Hata hivyo lilihamishwa kutoka ukumbi mkuu hadi chumba cha mwisho, kilichohusu namna Radbod alivyokumbukwa baada ya kufa, na mwaka 800 ukaandikwa sakafuni kwa tarakimu kubwa zilizolizunguka birika lote, ili mtu asiweze kulifikia bila kuzikanyaga. Sauti haikuwa ya mfalme tena. Ilikuwa ya mtawa anayesoma. Hapa mbunifu alistahili sifa, maana alikubali pigo hilo na wazo la tarakimu sakafuni lilikuwa lake.

Uamuzi wa tatu haukujadiliwa sana, na pengine ndiyo sababu ulikwenda vibaya. Ukumbi mkuu, ukiwa umebaki wazi, ulihitaji kitu cha kung'aa. Ikachaguliwa nakala ya bizimu la Wijnaldum, pambo la dhahabu la kufungia vazi lililopambwa kwa ganeti nyekundu, ambalo lile la asili linahifadhiwa Fries Museum mjini Leeuwarden. Ni kazi ya sonara wa hali ya juu na ni ushahidi kwamba Frisia ilikuwa na watu wa tabaka la kifalme. Lakini ni la nusu ya kwanza ya karne ya 7, yaani lilitengenezwa kabla Radbod hajashika utawala.

La nne lilitoka kwa afisa elimu. Alipokuwa akisoma Beda ili kutayarisha maelezo ya wanafunzi alikutana na habari za Imma, kijana aliyetekwa baada ya vita nchini Uingereza mwaka 679 na kuuzwa mjini London kwa Mfrisia. Katika rasimu ya maonyesho wafanyabiashara wa Kifrisia walikuwa wakiuza vitambaa, vioo na mawe ya kusagia; binadamu hawakuwemo katika shehena. Mfadhili alisema jambo hilo halihusiani na Radbod. Afisa elimu alijibu kwamba ushuru wa bandari haukuuliza bidhaa ilikuwa na roho au haina. Paliafikiwa pawekwe kibao kimoja, na nafasi iliyopatikana ilikuwa kwenye ujia wa kuelekea mahali pa kuwekea makoti.

Matokeo

Maonyesho yalifunguliwa kwa wakati na wageni walikuwa wa kuridhisha kwa jumba la kiwango hicho. Siku chache baadaye gazeti moja lilichapisha picha ya nakala ya bizimu ikiwa na maelezo kwamba ni pambo la mfalme Radbod. Jumba lilituma masahihisho, lakini picha ilikwisha kusambaa, na waongoza wageni wakawa wanaulizwa kila siku kama ni kweli alilivaa. Kibao kilichokuwa chini ya kabati la kioo kilieleza tarehe kwa usahihi. Tatizo ni kwamba mtu aliyeingia ukumbi wenye jina la mfalme, akaona dhahabu katikati yake chini ya taa, hakuwa na sababu ya kusoma kibao ili ajue ni mali ya nani.

Jumba lilirekebisha kwa kuchora ukanda wa miaka sakafuni, kuanzia bizimu, kupita kifo cha Radbod mwaka 719 na maandishi ya Fontenelle, hadi ngome ya mwaka 1288, na kabati likasogezwa mwanzoni mwa ukanda huo. Maswali yalipungua. Kwa upande wa birika, waumini kadhaa wa kanisa la mjini waliandika kwamba ubatizo umedhihakiwa, na kikundi kinachojaribu kufufua dini ya kale ya Kijerumani kiliomba ruhusa ya kufanya ibada mbele yake. Waumini walialikwa kwenye mazungumzo na mhifadhi, na wengi waliondoka wametulia baada ya kusikia kwamba maneno yale yaliandikwa na watawa wenyewe. Ombi la ibada lilikataliwa.

Kibao cha Imma ndicho kilichowashangaza wafanyakazi. Wanafunzi waliokuja na walimu walikwama pale ujiani, wakizuia njia, kwa sababu yeye alikuwa mtu pekee katika maonyesho yote aliye na umri unaokaribia wao na aliyesimuliwa akitendewa jambo fulani mwanzo hadi mwisho: alijifanya mkulima ili asiuawe, akatambuliwa kwa mwenendo na maneno yake kuwa mwana wa ukoo bora, akauzwa, kisha akajikomboa.

Uchambuzi

Jambo lililofaulu zaidi ni nguzo tatu. Zilimfanya mgeni asikie mabishano badala ya kusomewa hukumu, na zilifanya hivyo bila neno la tahadhari hata moja. Linganisha na vibao vya chumba cha vilima, ambavyo mwanaakiolojia aliviandika kwa uaminifu mkubwa: huenda, inadhaniwa, yawezekana, baadhi ya wataalamu wanaona. Kila neno lilikuwa sahihi, lakini yakifululizwa humchosha msomaji, na anayechoka huacha kusoma akabaki na kile macho yake yalichokiona. Kumtaja mwandishi na mwaka wake kunabeba tahadhari ileile kwa njia inayoshikika. "Alcuin aliandika mwaka 796" ni sentensi isiyo na wasiwasi, na msomaji makini anapata ndani yake kila kitu anachohitaji ili awe na shaka.

Kosa la bizimu limezungumzwa sana ndani ya jumba hilo kana kwamba ni la gazeti. Sikubaliani. Mpangilio wa ukumbi hueleza uhusiano wa vitu kwa nguvu kuliko maandishi, na mpangilio ule ulisema kwamba dhahabu hii ni ya mwenye ukumbi huu. Inafaa pia kuona kosa lilivyozaliwa. Nguvu zote za kitaalamu zilitumika kwenye birika, kitu ambacho kila mtu alijua ni cha hatari, kiasi kwamba kilichojaza pengo lake kilipita bila kuulizwa maswali yaleyale. Jedwali fupi la kila kitu, mwaka wake na umbali wake kutoka maisha ya Radbod, likijazwa kwa vitu vyote bila kubagua vile vinavyotiliwa shaka na vile vinavyoaminiwa, lingelibaini jambo hilo mapema.

Lakini udhaifu mkubwa kuliko huo haukulalamikiwa na mtu yeyote, kwa kuwa hakuna aliyeuona. Sehemu ya maisha ya Radbod yenye ushahidi imara zaidi ni miaka ya 711 hadi 716: ndoa ya Theudesinda, kuuawa kwa Grimoald, muungano na Wafaranki wa magharibi, ushindi wa Cologne. Waandishi waliokuwa karibu na matukio wanayataja, na hata waliomchukia hawakuweza kuyaficha. Mwaka uleule wa 716 Bonifasi, mmisionari wa Kiingereza ambaye baadaye angekuwa mtakatifu mashuhuri wa Wajerumani, alifika Utrecht, akakutana na Radbod, na akarudi kwao bila mafanikio. Hapa tunamwona mtawala akifanya maamuzi. Sehemu hii ilipewa ukuta mmoja mwembamba kati ya vyumba viwili, kwa sababu haikuwa na kitu cha kuweka kwenye kabati wala simulizi la kusisimua kama la birika. Nafasi iligawanywa kwa kufuata wingi wa vitu na mvuto wa hadithi, na uzito wa ushahidi haukuwa kigezo katika kikao chochote nilichosoma kumbukumbu zake.

Upungufu huo ulilipa nguvu jina la maonyesho, ambalo bodi ilikataa kulibadilisha kwa sababu mabango yalikwisha chapishwa. Mgeni aliyepita haraka alibaki na mfalme wa kipagani aliyesimama peke yake dhidi ya Wafaranki Wakristo. Mtu aliyeusoma ukuta ule mwembamba alikutana na mkwe wa nyumba ya Pippin, aliyemwoza binti yake kwa Mkristo na kupigana bega kwa bega na Wakristo dhidi ya Wakristo wengine pale maslahi yake yalipodai. Huyu wa pili ana uhuru pia, lakini ni uhuru wa mchezaji aliyekaa ndani ya siasa za Wafaranki na kuzijua vizuri, na sura ya mtu aliyejitenga nazo haimfai. Mfadhili, nadhani, angeweza kumpenda huyu vilevile kama angeonyeshwa mapema.

Kuhusu Imma, ukosefu wa nafasi ulikuwa wa makusudi na matokeo yake yalikuwa ya bahati. Ni vigumu kusema kama kibao kile kingewashika wanafunzi kwa namna ileile kingewekwa katika chumba cha biashara, kati ya vioo na mawe ya kusagia, na binafsi naamini kingewashika zaidi, kwa sababu vitu vile vingepata maana mpya palepale. Jumba halikukihamisha kwa muda wote wa maonyesho.

Baada ya kufungwa, jumba liliandaa toleo dogo la kuzungushwa katika maktaba na shule za mkoa, lenye mabango na vifaa vya sauti peke yake, kwa kuwa maktaba hazina ulinzi wala makabati ya kuhifadhi vitu vya kale. Bila vitu vya kuviwekea nafasi, waandaaji walilazimika kupanga kwa kufuata matukio. Toleo hilo huanza na harusi ya mwaka 711, Imma yuko kwenye bango la Dorestad, na kisa cha Wulfram kimepewa aya moja yenye mwaka wake.